Kapteni, Kimo

Mashine ya mazoezi ilisimama, lakini taa nyekundu ziliendelea kuwaka. Kapteni Sefu alivua vifaa vya masikioni, akavitundika mahali pake, kisha akageuka kumtazama Agape.

"Tumekufa," alisema. "Wewe, mimi na abiria wote. Uliona kwamba nimeshuka chini ya kimo tulichoruhusiwa?"

"Niliona."

"Wakati gani?"

"Ulipozungusha kitufe."

"Mbona hukusema?"

"Nilidhani una sababu."

"Nilikuwa nayo. Nilitaka kujua kama utanizuia."

Kapteni hakuwa na hasira. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi zilizochanwa vizuri, Mtanzania kama Agape, ambaye kila asubuhi alimwamkia shikamoo kwenye korido ya chuo hapo Nairobi. Chumba walichokaa kilijengwa kama pua ya ndege kubwa, viti viwili mbele ya vioo, na nje ya vioo hapakuwa na kitu ila picha ya milima ambayo sasa ilikuwa imeganda mbele ya macho yao.

Agape Eliufoo alikuwa kadeti. Shirika la ndege lilikuwa limemchagua katika kundi la vijana wa kusomeshwa urubani, na leseni ya ndege ndogo alikwisha kuipata bila shida. Hatua iliyobaki ilihusu kufanya kazi wawili wawili. Kapteni hukaa kiti cha kushoto. Rubani msaidizi hukaa kiti cha kulia, na kazi yake si kumtii kapteni tu. Anasoma vipimo, anasikiliza redio, na akiona kosa analitaja hapo hapo. Kushika ndege Agape aliweza. Kosa aliliona. Kilichomshinda ni kulitaja.

Mtihani wa hatua hiyo ulirudiwa mara moja tu. Aliyeanguka tena aliondolewa kwenye programu. Walimpa mapumziko ya wiki mbili, naye akapanda basi la kupitia Taveta kurudi nyumbani.

Same ilikuwa na upepo wake wa kawaida. Mama yake, Raheli, alimpokea mlangoni, akamzungusha kama anayekagua gauni la dukani.

"Umekonda. Huko mnakula hewa?"

"Tunakula, mama."

"Basi hewa yenyewe haina mafuta."

Jioni hiyo hiyo Agape alibandika ukutani sebuleni karatasi kubwa yenye picha ya chumba cha marubani, kila swichi mahali pake. Akaweka viti viwili mbele yake. Kati ya viti aliweka kigoda, na juu ya kigoda mdogo wake Esta akafunga miiko miwili ya ugali, iwe mikono ya kuongezea injini nguvu. Esta aliuza simu na chaji karibu na stendi, na hakuna jambo aliloweza kulifanya bila kulicheka.

"Mimi ndiye kapteni," alisema, akijitupa kwenye kiti cha kushoto. "Abiria wangu wapendwa, tunaelekea Marekani, nauli mtalipa mkifika."

"Soma kadi ya safari, Esta. Halafu kosea popote unapotaka."

Esta alikosea kila mahali. Alifungua magurudumu wakiwa bado juu kabisa, akazima injini zote, akalala. Agape alimsahihisha kila mara kabla hajamaliza sentensi, kwa sauti kavu na iliyonyooka. Walifanya hivyo jioni mbili. Ya tatu Esta aliacha mwiko, akamtazama dada yake.

"Dada, mimi unanifokea vizuri tu. Tatizo lako siyo makosa. Tatizo lako ni mvi."

Agape alilipima neno hilo, akaona ni sahihi. Mazoezi na Esta yalikuwa yanamfundisha jambo alilokwisha kulijua. Alihitaji mtu ambaye kumkosoa kungemkausha mate, na nyumbani mwao mtu huyo alikuwa mmoja.

Baba yao, Mwalimu Eliufoo, alifundisha jiografia na hesabu miaka mingi, akawa mwalimu mkuu, kisha akastaafu. Sasa alikuwa mzee wa kanisa pale usharikani, na Jumapili nyingi ndiye aliyesoma masomo. Nusu ya watu wazima wa Same walipita mikononi mwake, na walipokutana naye barabarani walificha mikono nyuma bila kujijua. Watoto wake walilelewa kwa kanuni iliyoeleweka: mkubwa akisema, mdogo anaitika. Kumrudishia maneno yake mwenyewe ni kumwiga kwa dharau, na kumkosoa mbele za watu ni jambo ambalo hata jina hawakulipa.

Agape alimkuta uani akinywa chai ya tangawizi.

"Baba, naomba unisaidie kufanya mazoezi."

"Walikuangusha kwa nini? Mama yako ameniambia umeanguka. Hakuniambia sababu."

"Kapteni alikosea, mimi nikanyamaza."

"Ni mtu mzima?"

"Anakukaribia wewe."

"Ulimheshimu."

"Ndiyo, baba."

"Wakakuangusha kwa hilo?"

"Kwa hilo. Wangekuwa abiria wa kweli, wangekufa kwa hilo."

Mwalimu Eliufoo alikunywa chai yake mpaka chini. "Nipe hiyo kadi," alisema.

Kadi aliitunga Agape mwenyewe. Ilikuwa safari ya kubuni kutoka Dar es Salaam kwenda uwanja wa Kilimanjaro, na aliichagua njia hiyo kwa sababu baba yake aliijua milima yake. Alizaliwa Chome, chini ya Shengena, na alikuwa amewakaririsha wanafunzi wengi urefu wa kilele hicho. Kadi iliagiza ndege ishuke kwa ngazi: futi elfu kumi mpaka safu ya Upare ipitwe, kisha elfu sita, kisha kutua.

Mwalimu aliisoma kwa miwani, mstari kwa mstari, akauliza maana ya kila neno, akataka kujua kwa nini kimo kinapimwa kwa futi ilhali dunia inapimwa kwa mita. Alipoketi kiti cha kushoto alivaa koti.

"Baba, katikati ya safari utakosea kwa makusudi," Agape alieleza. "Mahali popote. Usiniambie."

"Hapana."

"Ndiyo zoezi lenyewe, baba."

"Sijawahi kufundisha kosa. Nitasoma kilichoandikwa."

Akasoma kilichoandikwa, jioni baada ya jioni, bila kuteleza. Mwiko ulikwenda mbele ulipotakiwa kwenda mbele. Agape alipata ufundi wa taratibu zaidi kuliko wakati wowote, lakini hakupata alichokitaka. Esta aliuliza mbona hawazungumzi Kiingereza, si ndicho kinachotumika angani?

"Kiingereza hakina shikamoo," Agape alimjibu. "Nikiweza kulitaja kosa kwa Kiswahili, kwa Kiingereza litatoka lenyewe."

Mama yao aliwasikia kutoka jikoni. "Mnamsubiri baba yenu akosee? Mimi nasubiri tangu tulipotoka kanisani siku ya harusi."

Kosa lilikuja lenyewe, karibu na mwisho wa mapumziko. Kufikia hapo Mwalimu alikuwa ameikariri kadi, naye alijivunia hilo. Miwani ilikuwa mfukoni na kadi imelala gotini, uso chini. Walikuwa wameondoka Dar, wamepita usawa wa Korogwe, na Agape alikuwa ametaja Mkomazi upande wa kulia.

"Teremka hadi futi elfu sita," alisema Mwalimu, akaurudisha mwiko nyuma.

Agape alitazama karatasi ukutani, akaipitia kadi kichwani. Elfu sita ilikuwa ngazi ya pili. Elfu kumi ilikuwa haijatajwa.

Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa lile lile la Nairobi: ana sababu. La pili lilikuwa kwamba pengine amekubali hatimaye kukosea kwa makusudi. Alimwangalia kwa pembe ya jicho. Mwalimu alikaa wima, ametulia, anaangalia mbele kama mtu anayesimamia mtihani. Hakuwa anaigiza. Alikuwa anaamini.

"Baba," alisema Agape.

"Endelea."

"Baba, labda tungetazama..."

"Nimesema elfu sita. Andika."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya makande. Esta aliacha simu. Agape alihisi ulimi umekuwa mzito, jambo ambalo vitabu vya chuo vililieleza kwa ukurasa mzima bila kusema linauma kiasi gani. Alivuta pumzi.

"Kapteni, kimo. Hatujapita Shengena."

"Nimeshakwambia kimo."

"Shengena ni zaidi ya futi elfu nane. Elfu sita iko ndani ya mlima. Weka elfu kumi sasa."

"Agape." Sauti ile ilikuwa ya darasani, watu walioifahamu waliketi chini wakiisikia. "Nani anaongoza hapa?"

Alinyoosha mkono, akautoa mwiko mkononi mwa baba yake, akausukuma mbele mpaka mwisho.

"Naongoza mimi," alisema. "Tunapanda."

Nje bodaboda ilipita, ikanguruma mpaka ikapotea. Mwalimu Eliufoo alitoa miwani mfukoni, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa. Aligeuza kadi. Aliisoma tangu juu, kidole kikishuka taratibu, kikasimama, kikapanda mstari mmoja.

"Nimeruka mstari," alisema.

"Esta," mama aliita kwa upole, "nipe kalamu. Nataka kuiwekea siku hii alama kwenye kalenda."

Esta alikimbilia uani kucheka. Agape bado alikuwa ameshika mwiko. Alijiandaa kuomba radhi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Baba yake alimtangulia.

"Ulichelewa."

"Ndiyo, baba."

"Uliniita baba mara mbili. Hizo zote zilikuwa hasara. Uliponiita kapteni ndipo ulipoanza kazi." Aliikunja kadi, akaikunjua tena. "Na ile labda. Labda ni ya nini? Mlima upo au haupo?"

"Upo."

"Nimezaliwa chini yake. Najua upo." Alivua koti, akalitundika nyuma ya kiti, akaketi tena. "Tuanze upya. Chakula kitasubiri."

Tangu jioni hiyo Mwalimu hakuhitaji kuombwa akosee. Ilionekana kwamba mtu aliyeishi miaka yote bila kukosea alikuwa na akiba kubwa. Alitaja viwanja visivyo vyao, aligeuza kushoto palipoandikwa kulia, na makosa yake aliyasema kwa uhakika ule ule wa kusoma Injili. Alipokosolewa alibisha. Alipokosolewa vizuri alibisha zaidi, mpaka Agape alipouchukua mwiko. Ilipofika siku ya kuondoka, neno "kapteni" lilimtoka kabla ya pumzi.

Nairobi, Kapteni Sefu alikuwa tayari kwenye mlango wa mashine.

"Shikamoo, kapteni."

"Marahaba. Tukiingia humu, hiyo shikamoo tunaiacha hapa nje. Tutaikuta tukitoka."

Mtihani ulikuwa mrefu, safari ya kuigiza kutoka Dar es Salaam. Injini moja ilizimika muda mfupi baada ya kuruka, nao wakaishughulikia. Kisha, wakiwa wanazunguka kurudi uwanjani, Kapteni Sefu aliigeuza ndege upande ambao mwongoza ndege wa redioni hakuutaja.

"Kapteni, mwelekeo. Tumeambiwa kulia."

Akarudisha kulia bila neno. Wakashuka. Karibu na mwisho, Agape akiwa anasoma orodha ya ukaguzi wa kutua, aliona kapteni akizungusha kitufe cha kimo na kuweka elfu tatu. Agape alikuwa amesikia redioni ruhusa ya elfu nne.

"Kapteni, kimo. Tuna ruhusa ya elfu nne."

"Elfu tatu. Uliza."

Aliuliza redioni. Jibu lilikuja mara moja: elfu tatu. Mwongoza ndege alikuwa amebadilisha wakati yeye anasoma orodha.

"Elfu tatu, sahihi. Nimekosea mimi," alisema Agape, akaendelea na mstari uliofuata.

Walitua. Taa za chumba ziliwaka. Kapteni Sefu aliandika kwa muda, na Agape aliangalia mbele, mikono magotini. Alijua amekosea. Alijua pia kwamba kama angerudishwa dakika ile, angesema vile vile.

"Kile kimo cha mwisho," alisema kapteni.

"Sikuisikia redio. Nilikuwa kwenye orodha."

"Ungeisimamisha orodha kwanza. Hilo ni kosa." Alifunga kalamu. "Lakini umekosea kwa sauti. Anayekosea kwa sauti, naweza kumrekebisha. Umefaulu, kadeti Eliufoo. Jumatatu unaanza hatua inayofuata."

Alimpigia baba yake akiwa bado kwenye ngazi za jengo. Simu ilipokelewa mara moja, kana kwamba ilikuwa mkononi.

"Shikamoo, baba. Nimefaulu."

"Marahaba. Makosa mangapi?"

"Moja."

"Lipi?"

Alimweleza. Kwa sauti ya mtu anayesahihisha daftari, Mwalimu akasema kwamba kusoma na kusikiliza kwa pamoja hakujawahi kumfaa mwanafunzi yeyote, na kwamba akirudi watafanya zoezi hilo, Esta atakuwa redio.

"Baba Agape!" Sauti ya mama ilisikika nyuma yake. "Si umpongeze mtoto kwanza?"

"Nampongeza," alisema Mwalimu Eliufoo. "Namaliza kusahihisha."