Waya wa Upande wa Kushoto

Mthunzi Cele, fundi wa milango ya gereji, aliuona ule waya hata kabla hajamaliza kusalimia. Yeye na mkewe, Nokulunga, walikuwa wamefika Isipingo kwa chakula cha Jumapili, wakamkuta baba mkwe, Mzee Zondi, gerejini akifuta gari lake kwa fulana kuukuu. Mlango wa gereji ulikuwa umeinuliwa nusu. Chini upande wa kushoto, pale waya wa chuma unaponasa kwenye kishikio, nyuzi kadhaa zilikuwa zimekatika na kuchomoza kama sharubu za paka, nyekundu kwa kutu. Hewa ya bahari haina huruma na chuma.

"Nondaba," alisema Mthunzi, akimwita kwa jina la heshima la ukoo, kama inavyompasa mkwe. "Huu waya umekwisha. Naomba mlango usiguswe. Ninazo nyaya mpya garini."

"Umekwisha?" Mzee alicheka. "Wa kwisha ni mimi. Huo niliufunga kwa mikono yangu tulipohamia hapa."

"Nyuzi zimekatika, baba. Ukipitisha kitambaa utaona zinavyokinasa."

"Wiki nzima unafunga milango ya watu, na Jumapili nayo unaitafutia kazi? Nenda ndani ukale."

Kwa mteja yeyote, Mthunzi angechomoa plagi ya mota na kusimama mbele yake mpaka aelewe. Lakini huyu ndiye aliyempa mke. Aliinamisha kichwa, akaingia ndani kula.

Walikuwa katikati ya chakula simu ilipolia. Mama mkwe alikuwa kanisani, mvua imemzuia, anaomba afuatwe. Mzee Zondi akachukua funguo na kutoka. Mthunzi alisikia mota ya mlango ikiguna, akainuka, na kabla hajafika mlangoni ukaja mlio mkali, kama fimbo iliyopigwa juu ya bati.

Alikimbia kuzunguka nyumba mpaka gerejini.

Waya wa kushoto ulikuwa umekatika. Mlango, wa mbao nzito, ulikuwa umelala upande, kona moja karibu na sakafu, nyingine ikining'inia kwenye waya mmoja uliobaki, ambao sasa ulibeba mzigo wa nyaya mbili. Mzee Zondi alikuwa amepiga magoti chini ya kona hiyo ya juu, spana mkononi, akifungua nati za kishikio.

"Nalegeza huku kidogo tu," alisema bila kugeuka, "ukae sawa."

Juu ya mlango springi ilikuwa bado imekazwa, ikiuvuta waya ule kwa nguvu zake zote. Kishikio kingefunguka, kingeruka kama jiwe la manati. Aliwahi kumwona mwenzake kazini akivunjwa taya hivyo.

"Acha!" alifoka. "Toa mkono! Toka hapo sasa hivi!"

Hata wanawe wa kiume hawakuwahi kumpandishia sauti Mzee Zondi. Nokulunga, aliyekuwa amemfuata mumewe, alijiziba mdomo.

Mzee aligeuza kichwa polepole. Spana ilikuwa bado imeng'ata nati. "Unamfokea nani?"

"Nakufokea wewe, baba. Ukizungusha mara moja zaidi tutakuzika."

Mlango ukakwaruza, ukashuka kama upana wa kidole. Vumbi likamwagikia nywele nyeupe. Mzee aliiachia spana, akarudi nyuma kwa magoti mpaka akawa salama.

Mthunzi alichomoa plagi, akaleta vifaa vyake kutoka garini, akabana reli ya kulia kwa koleo ili magurudumu yasiteleze. Kona iliyolala aliinyanyua kwa jeki, Nokulunga akisukuma magogo chini yake kila ilipopanda. Mlango uliponyooka, akabana na reli ya kushoto. Halafu akapanda ngazi na vyuma vyake viwili vya kulegezea springi.

"Nishikie ngazi, baba. Ila simama pembeni, usikae mbele ya springi."

Mzee alishika. Chuma kimoja kiliingia kwenye tundu mwishoni mwa springi, kikashuka kidogo. Cha pili kikaingia ndipo cha kwanza kikatoka. Jasho lilimwingia Mthunzi machoni lakini hakuthubutu kujifuta. Zamu kwa zamu, mpaka springi ikalegea.

Baada ya hapo waliushusha mlango wote watatu kwa mikono. Mthunzi alibadilisha nyaya zote mbili, kwa kuwa ule wa kulia nao ulikuwa umeanza kuchakaa chini ya kutu. Akakaza springi upya, akauinua mlango mpaka kiunoni, akauachia. Ukatulia palepale.

Mama mkwe aliletwa na jirani, amelowa, amenuna. "Mmeniacha kanisani kama mwavuli!"

"Mkwe wako amenifokea," alisema Mzee Zondi.

"Amekufokea? Na wewe ukafanyaje?"

"Nikatii."

Mama alimtazama mumewe kana kwamba ameletewa mwingine. Mthunzi alipiga magoti kwenye sakafu yenye grisi. "Nondaba, nisamehe. Nimekuvunjia heshima nyumbani kwako."

"Inuka," alisema mzee. "Ukiniomba radhi kwa hilo, siku nyingine utasita."

Mzee akarudi ndani, akakokota kiti mpaka mezani. Sahani yake ilikuwa imepoa. Alipokipeleka kijiko mdomoni kilimgonga meno, akakirudisha mezani, akaitazama mikono yake, ile ile iliyoufunga ule waya.