Mwanafunzi wa Siku Moja

Mlinzi hakuwafungulia lango kubwa. Alifungua kile kilango cha waendao kwa miguu, na kiti cha magurudumu hakikupita. Wariara akamwinua binti yake, akamkalisha juu ya jiwe, akakikunja kile kiti na kukipitisha kwa ubavu, kisha akarudi kumbeba. Mlinzi alisimama pale pale, mikono nyuma, chini ya ubao mpya uliosema kwamba hii ilikuwa shule jumuishi na kila mtoto ana nafasi.

Abby alikuwa na miaka kumi na mitano. Siku aliyozaliwa alichelewa kulia, na tangu siku hiyo miguu na mkono wake wa kulia havikumtii. Ulimi nao ulikuwa mzito. Wageni walipomsikia walidhani hana akili, wakamwongelesha kwa sauti ya juu kama kiziwi. Lakini alikuwa amemaliza Gredi ya Tisa mbele ya watoto wengi wa Kariandusi wenye miguu mizima, na wakati wa kuchagua shule aliichagua hii mwenyewe. Ilikuwa ya kutwa, karibu na nyumbani. Wafadhili walikuwa wameijengea jengo zima la watoto kama yeye, lenye milango mipana, choo cha kuingia na kiti, na kompyuta. Serikali ikampa nafasi. Mama na binti walicheka siku ile hadi majirani wakaja kuuliza kulikoni.

Mwalimu mkuu, Bi Chepkosgei, aliwapokea kwa tabasamu. Alimwuliza Wariara habari za nyumbani, habari za mumewe Mwaura aliyekuwa akichimba mawe meupe kule machimboni, habari za mvua. Abby mwenyewe, mwalimu hakumtazama. Kisha akaeleza polepole, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma, kwamba walimu hawakutosha, kwamba hakuna mtu wa kumpeleka mtoto chooni, kwamba wazazi wengine wangelalamika masomo yakicheleweshwa.

Abby akasema kitu.

"Anasema nini?" Chepkosgei akamwuliza Wariara.

"Anasema alichaguliwa."

"Alichaguliwa na kompyuta, Mama Abby. Kompyuta haioni mtu."

Wakati wa kutoka Abby alihitaji kujisaidia, na Wariara akamsukuma hadi kwenye lile jengo la wafadhili. Choo kipana kilikuwa kimejaa vizimba vitupu hadi darini. Chumba cha kompyuta kilikuwa na taa moja ikiwaka mchana, na chini yake vifaranga, mamia, wakilia juu ya maranda ya mbao. Magunia ya chakula yalipangwa ukutani. Mfanyakazi aliyekuwa akiwanywesha maji akasema hao ni kuku wa madam, na kwamba wageni hawaruhusiwi, wasije wakaleta ugonjwa.

Abby alijisaidia nyuma ya ua wa michongoma, mama yake akimkinga kwa leso.

Walijaribu kwingine. Shule moja ya Gilgil ilikuwa na madarasa ghorofani. Nyingine upande wa Njoro ilitaka mtoto awe anavaa nguo mwenyewe. Ile ya bweni ya watoto maalum iliwapokea kwa moyo mmoja, lakini kule wasichana walisuka vikapu asubuhi na kusuka vikapu jioni, na Abby alipouliza kuhusu hesabu, matroni alimpapasa kichwani. Mwaura alikohoa kile kikohozi chake cha vumbi, akasema wamwachie Mungu. Wariara akamjibu kwamba Mungu hakufuga kuku darasani.

Tangu hapo hakuongea sana. Alikuwa akimwona Chepkosgei kila Jumapili kanisani, benchi la mbele, akisimama kutoa matangazo ya shule, na kila Jumapili Wariara alimtazama kisogo chake tangu wimbo wa kwanza hadi baraka. Hakuomba. Hasira yake haikuwa ya kelele; ilikuwa makaa yaliyofunikwa majivu, na yeye ndiye aliyekuwa akiyafunika vizuri, yasizimike.

Muhula ulikuwa umefika katikati Sitati, naibu wa mwalimu mkuu, alipobisha mlangoni akiwa na mfuko. Ndani mlikuwa na sare mpya, sketi na sweta, bado na harufu ya dukani. Alikaa ukingoni mwa kiti na kuzungukazunguka kwa maneno. Wafadhili wangekuja Alhamisi. Wangependa kuona watoto.

"Ni siku moja tu, Mama Abby. Ataketi, atabasamu, basi. Na madam amesema baadaye ataangalia ile mambo ya nafasi."

"Ataangalia?"

"Ndiyo hivyo amesema."

Sitati aliyasema hayo huku akitazama sakafu, na Wariara akajua kwamba hata yeye hakuyaamini. Akamshukuru. Akamwuliza kama wazazi nao wangeruhusiwa kuwepo, na Sitati, kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi mbaya mapema, akasema wazazi ndio wangependeza zaidi.

Alipoondoka, Wariara alimweleza Abby yote bila kuficha. Kama hataki, hawaendi. Abby aliitazama ile sketi, akaanza kucheka, cheko lake lile la kutikisa kiti.

"Watajua hawajui," akasema.

Alhamisi kuku hawakuwepo. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi ya samawati, kompyuta zimetolewa kwenye makasha, lakini rangi haikuweza kuifukuza harufu. Mbali na Abby kulikuwa na mvulana asiyeona, aliyeazimwa kutoka shule ya msingi, na mapacha wawili ambao Wariara aliwajua kutoka kanisani. Hawakuwahi kusoma popote. Wote wamevaa sare. Wazazi walipangwa mlangoni wakiwa na soda mkononi.

Mkubwa wa wageni aliitwa Peterson, mtu mpole wa makamo. Hakumwinamia Abby kama wanavyomwinamia mtoto. Alichuchumaa hadi macho yao yakawa sawa. Akamwuliza kama anaipenda shule yake.

Abby alichukua muda. Shingo ilijipinda, mkono ukaruka, na maneno yakatoka moja moja, yakiburutana. Chumba kizima kilimsubiri. Alipomaliza, Peterson aliinua macho kuomba msaada.

"Anasema anaipenda sana," Chepkosgei akasema, mkono begani kwa Abby. "Hasa kompyuta."

Wariara aliweka soda yake chini. Alikuwa ameyatafuna maneno yake siku nyingi, na sasa hakuwa na haraka.

"Hapana, madam. Hajasema hivyo."

"Mama Abby, tafadhali."

"Amesema hii si shule yake. Amesema alikuja akafukuzwa. Amesema hapa alipokaa palikuwa na kuku wako, na kesho watarudi."

Peterson alimgeukia Abby, akamwuliza kama ndivyo. Abby akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu, hata uso ukamwiva.

Jasho lilichomoza juu ya mdomo wa Chepkosgei, likateremka na kuharibu rangi aliyopaka. Wariara alilitazama likishuka. Alingoja aone haya, kwa kuwa alilelewa kuwaheshimu walimu, lakini haya haikuja. Kilichokuja kilikuwa kitamu, na alikimeza chote.

Utamu huo ulidumu kidogo. Wafadhili waliondoa mkono wao, si katika jengo lile peke yake, bali pia katika tangi la maji na maabara walivyokuwa wameahidi. Jengo likafungwa kwa kufuli. Kompyuta zikarudishwa kwenye makasha na kupelekwa kusikojulikana. Bi Chepkosgei akaondolewa, na siku Wariara aliposikia habari hiyo alipika chapati. Lakini kwenye foleni ya maji wanawake walimgeuzia mgongo. Mmoja akasema, bila kumtaja, kwamba kuna watu wakikosa wao hutaka wote wakose. Mwalimu mkuu mpya hakutaka hata kuwaona. Sitati naye akarudi kuchukua sare. Wariara alitaka kumsaidia binti yake, Abby akakataa. Aliivua ile sweta, aliyokuwa amezoea kuivaa nyumbani, mwenyewe kwa mkono mmoja, taratibu, huku Sitati akisubiri nje, uso kwenye ukuta.

Ndipo wakaambiwa kwamba mjini Nakuru imefunguliwa ofisi ya kuwatafutia shule watoto wenye ulemavu, na huko ndiko kila kitu kinakoamuliwa.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu. Lifti haikuwepo. Chini ya ngazi watoto walikuwa wamepangwa kando ya ukuta, wengine kwenye viti, wengine juu ya leso sakafuni, wakiangaliwa na askari aliyekuwa akisoma simu yake. Wazazi walikuwa juu. Wariara alimwacha Abby mwishoni mwa safu, akapanda.

Nyuma ya meza aliketi Bi Chepkosgei.

Hawakusalimiana. Chepkosgei alikuwa na miwani mipya, na sauti yake ilikuwa ile ile, ya huruma.

"Mtoto yuko wapi?"

"Chini. Hamna lifti."

"Siwezi kumsaidia mtoto ambaye sijamwona, mama. Ndiyo sheria. Next."

Wariara alishuka. Alimweleza Abby ni nani aliyekuwa juu, na Abby akaunyoosha mkono wake wa kushoto. Wariara akachuchumaa, akampokea mgongoni. Alikuwa mzito sasa, mwili wa mwanamke. Kwenye kona ya kwanza alimpandisha juu zaidi mgongoni. Kwenye ya pili aliegemea ukuta, na askari akamwita kutoka chini kwamba apumzike, mathe, lakini hakupumzika. Ni chuki iliyompandisha, na alijua, na aliishukuru.

Wazazi walikuwa wameondolewa na mlango umefungwa. Ilikuwa saa ya chakula. Ndani vijiko viligonga sahani, na mtu akacheka.

Mlango ulifungukia nje. Wariara akaketi sakafuni, akamlaza Abby mapajani, akaukaza mgongo wake kwenye mbao.

Baada ya muda vijiko vikanyamaza. Kitasa kikazunguka. Mlango ukamgonga mabegani, ukarudi.

"Mama," ile sauti ikasema kutoka ndani. "Sogea, tupite."

Abby alikuwa amefumba macho. Mlango ukamgonga tena Wariara, kwa nguvu zaidi, na yeye akaipanga miguu yake vizuri sakafuni.