Mufuko ya Pembeni

...ku pembeni, mama, si ku mbele, ile mufuko ya mbele inasikilizaka mbele, na Athanase mekanisie anagonga mulango ya motoka na kidole, kidole yote mafuta, na Mama Adrienne pale juu ya kiti ya plastiki mu garaji ya Kikula, hapa Likasi, anasikiliza nusu, nusu ingine iko ku portaye, ile geti ya garaji, fashi Magloire anasimama mu jua, muko yake, bwana ya mutoto yake Blandine, haingie, ataingia namna gani na mama ya bibi yake iko anakaa mu njia, muko hapitake karibu na mama-mukwe, anangoja, alikuya kubeba motoka, na bibi yake pia kama bibi anakubali, na Blandine anakubali tu kile mama yake anasema, Blandine huyu hapa, mukono mu plastre, anauliza mekanisie juu ya nini erbagi, ile mufuko ya hewa, ilifunguka ku upande ya bwana yangu siku kamio, lori kubwa, ilitugonga, ku yangu hapana... ile swali, ile njo ilivunja nyumba, na nani aliitosha wa kwanza, si yee Adrienne, mbele ya jamaa yote kule Panda, kwa Germain mutoto yake mukubwa, Blandine angali analala ku opitali, yee akasema mufuko ilichagula, ilimupakata Magloire kama mutoto, mutoto yangu ikamuacha, muntu bila dawa mufuko haimuchagulake, aulizwe ku nganga gani alienda kujifunga, na Magloire akaangalia chini, akanyamaza, na yee Adrienne akaambia bantu munaona, kunyamaza njo kukubali... mu mulango kwiko hewa, Athanase anasema, kamio ikigonga, bati inaingia ndani, hewa inafinywa, kapteri hii, sikio ya motoka, inasikia, anaionyesha mu kiganja, kadogo kama kifuniko ya chupa, lakini hii peke yake haifungulake kitu, kwiko kapteri ndugu yake mu nguzo ya katikati ya milango, ile inasikiaka mutikisiko, bote bawili bakisema neno moja njo mufuko inatoka, kabla hata jicho haijafunga, na inatoka ku upande yenye kupigwa tu, kamio iligonga wapi, anauliza, na Blandine anasema ku ya bwana yangu, ku volan, ku usukani, motoka ni ya volan ya kuume, basi njo vile, mama, Athanase anamuambia Blandine, ku yako hakuna kitu kiligonga, mukono yako ilivunjika juu hukufunga mukaba... mukaba tu, na si muntu. Na mulango ikipigwa na hasira, Blandine anauliza, na Athanase anacheka, anasema na milango vile inapigwaka hapa Likasi, mifuko yote ingekuwa iliisha, hapana, hasira inaijua, inasikia, haiamuke... haiamuke, na yee Adrienne mulango gani ilipigwa yee akabakia kulala, yee mwenye analinda bigomvi ya jamaa yote mu kichwa, nani alikaa mbele ya nani ku kilio ya dada yake Alphonsine, nani alikulaka firigisi ya nani, firigisi... Magloire alileta kuku, kisha ya yale maneno ya Panda, kuku muzima, njo vile muko anaomba samahani hata kama hana kosa, na yee akaipika, na firigisi, yenye ni ya muko tangu bankambo, babu zetu, akamuwekea Germain, na Magloire kule ku barza akafungula sahani, hakuikuta, akakula bukari, ile ugali yake, akashukuru, akaenda. Na angesema nini, muko habishanake na mama ya bibi yake, na nani alimuambia vile, si yee, siku ya ndoa, muko yangu, mbele yangu weye macho chini, na akaweka macho chini, akaiweka mpaka leo, na ile macho chini yenye yee mwenyewe aliomba, njo aliibeba mbele ya jamaa kama ushahidi, na hakuuliza hata muntu wa pili, hata Blandine mu kitanda hakumuuliza, mulinionaka mama wa namna gani... Athanase anafuta ile kitu kadogo na kitambaa, angali anaeleza, jua ingali pale pale, Magloire angali ku portaye na kofia mu mukono, na Adrienne anainuka kidogo, anageuza kiti, mugongo ku njia, muko apate kupita, uso ku bati ya ukuta, na anaambia ile bati polepole, "Blandine, jua iko kali kule ku portaye," na Blandine anamuangalia, Magloire hasikie, na yee anabakia kuangalia bati, anasikiliza nyuma yake kama kwiko miguu ya muko inakuya.