Bodi Isiyokula Umeme

Hata matundu yakilingana, hata prosesa ikiketi kwenye soketi kama yai kwenye kiota, hiyo bado haina maana kwamba bodi itaikubali, ndivyo fundi alivyosema, tena alisema akicheka, kana kwamba ni kichekesho mwanamke mzima kuzunguka duka baada ya duka na prosesa ya laptopu ndani ya kikasha cha hereni, imelazwa juu ya pamba kama jino la mtoto, akiuliza kama kuna bodi ya kompyuta ya mezani itakayoipokea, na huko kwingine hawakumwacha hata amalize, "za laptopu ni za laptopu, za mezani ni za mezani, dada, usichanganye mambo," wakarudi kwenye simu zao, ila huyu mmoja, huyu wanayemwita Sumaku kwa sababu hakosi skrubu mbili tatu zilizonasa kwenye mikono ya shati, huyu angalau aliingia nyuma ya pazia, akapekua, akapiga chafya, akarudi na bodi mbili, moja pana kama sinia, nyingine ya kuenea kiganjani, akazilaza juu ya kaunta akasema, "Haya dada, chagua," kama anayeuza nyanya, chagua, haya, achague nini, na nyuma yake Mama, mama mkwe wake, ameshakaribishwa kiti cha plastiki pale mlangoni, mkoba mapajani, wametoka kliniki wote wawili na jua limewachoma, na ameshaanza kumhoji fundi kama amekula, kama ameoa, kama hilo pazia hufuliwa... Achague nini? Hii kubwa ina kila kitu, matundu mawili ya skrini, nafasi nne za memori, na matundu ya soketi yanalingana na vijiguu vya prosesa yake, lakini fundi anasema haiijui, prosesa ya laptopu imezaliwa kunywa umeme kidogo kidogo, kazi ikipungua nayo inalala, na bodi hii haijui kuilaza, ama itaikimbiza mchana kutwa ama itaiacha itambae kama konokono, "na mpaka tuiwashe ndipo tutajua, dada, na ikishafunguliwa siipokei tena," halafu bodi yenyewe nayo mlafi, inataka sanduku lake la umeme, inataka feni tatu, na hii ndogo, ambayo zamani ilikuwa kwenye mashine ya kaunta ya duka, hii inaijua prosesa yake fika, inatumia chaja ya laptopu tu, inakunywa umeme kama ndege anayedonoa maji, lakini ina tundu moja la skrini, moja tu, na nafasi moja ya memori, na yeye anachora ramani za nyumba, skrini hii msingi, skrini ile paa, mtu atachoraje nyumba kwa jicho moja, ngazi itatokea chooni, na memori ikiwa ndogo mchoro wa ghorofa mbili unaganda katikati ya kuhifadhi, kazi ya siku nzima inayeyuka hivi hivi unaiangalia...

"Mke wangu ni mjamzito, mama," fundi anasema, na Mama anasema, "Alhamdulillahi, mimba ya kwanza?" na yeye anaishika bodi ndogo, anaigeuza, ni nyepesi mno, anaiona tayari kwenye meza yake, nyumba nzima imetulia, betri imejaa, friji linaguruma taratibu kule jikoni, maana kisa chote ni friji, yote haya, kuzunguka huku, kikasha cha hereni, yote ni kwa sababu ya friji na kwa sababu yake yeye, laptopu yake ilipokufa, bodi yake iliungua jioni moja ikatoa harufu ya nywele zilizoungua na ikabaki prosesa tu nzima, kaka yake akamkopesha kompyuta kubwa ya ofisi iliyofungwa, akaifurahia mno, akachora kama mtu aliyefunguliwa kamba, na hakujua, au alijua na akafumba macho, kwamba betri ya sola ile ile inayobeba friji umeme wa mtaa unapokatika ilikuwa inakauka kila alasiri, joto la mwezi ule, ukuta wenyewe ulikuwa unatoka jasho, wiki nzima na zaidi friji lilikuwa kabati tu, na ndani ya kabati hilo, kwenye kikopo cha plastiki chenye kifuniko cha bluu, dawa ya sukari ya Mama ilikuwa inapoteza nguvu kidogo kidogo, na Mama anajichoma kila siku maji matupu bila kujua, mpaka asubuhi ile alipomwomba mwanawe ampitishie mlango, mlango gani, Mama, huu mlango, na mkono wake unaonyesha kijiko... Daktari aliuliza, "Dawa mnaihifadhi wapi?" na watu watatu wakanyamaza, hata mgonjwa mwenyewe akanyamaza, na tangu hapo wamenyamaza, hakuna aliyefoka, laiti wangefoka, mume wake alirudi kutoka hospitali akaifunga ile kompyuta kubwa kwa shuka jeupe, akaipandisha juu ya kabati la nguo kama anayehifadhi maiti, na yeye alipomwambia "najua ni mimi," akajibu, "Hakuna aliyesema ni wewe," kwa ile sauti yake, sauti iliyopigwa pasi, haina hata kunyanzi moja la kushika... hakuna aliyesema, ndiyo, na hiyo ndiyo inayomuua, lisilosemwa linamfuata mpaka bafuni.

"Dada, ukiamua niambie," fundi anasema, "kuna mteja nimemwahidi hii kubwa," na anamjibu "naangalia," naye haangalii chochote, anaangalia vumbi kati ya nafasi za memori, anawaza wajenzi wanaompigia, dada ramani yangu vipi, dada mafundi wameshachimba, na yeye kesho, kesho, mpaka neno lenyewe limechakaa, tangu Mama alazwe hajachora mstari, anafuta meza ile ile, anapanga penseli asizozitumia, na hafungui friji, anamtuma mume wake maziwa, au akilifungua anaangalia pembeni asikione kile kikopo cha kifuniko cha bluu, anakipitia kama mtu anayepita kando ya kaburi, na Mama, Mama anaamka asubuhi, anajifunga kanga, anasema "napanda juu mara moja kumjulia hali mkunga," na jioni tena, napanda juu mara moja, mkunga mstaafu wa ghorofa ya tatu, kikongwe wa vicheko, na magoti yale ya Mama yanayolia kama bawaba, anashika ukuta, anapanda, mara mbili kila siku, na baada ya muda kicheko kinashuka kwenye ngazi, vicheko viwili, na yeye chini jikoni ameshika sufuria anajua wanachokisema, anajua neno kwa neno, mkwe wangu karibu aniue kwa kompyuta, shoga yangu, ndiyo wasomi wetu hao, anajua, na hamlaumu, angekuwa yeye angepanda mara tano... "Ila huyu binti yako ni mgumu kuamua," fundi anamwambia Mama, anacheka tena, "anataka mashine nzito isiyokula umeme, mama, ni kama kutaka ng'ombe wa maziwa asiyekula majani," na Mama anacheka naye, anacheka, jamani, mbele ya mtu wa pembeni, na yeye anataka kugeuka aseme ni kwa ajili yako, Mama, hayo majani ni dawa yako, lakini hasemi, kwa sababu katika nyumba yao hawasemi, na badala yake ni fundi anayesema, fundi, mtu baki, "Kaniambia ni sababu ya friji, eti kuna dawa za mgonjwa," na Mama anasema, "Mgonjwa gani?"

Mgonjwa gani.

"Mgonjwa ni mimi," Mama anajijibu mwenyewe, "lakini dawa zangu hazipo humo, baba, ziko juu kwa mkunga tangu nitoke hospitali, ana betri kubwa ameletewa na mwanawe, na ananichoma yeye mwenyewe, mkono wake mwepesi hata sisikii," na anayasema hivi hivi tu, kama anayesema leo kuna jua, na yeye bado ameishika bodi ndogo, tangu atoke hospitali, juu kwa mkunga, asubuhi na jioni, kwa hiyo ule haukuwa umbeya, ilikuwa sindano, mwanamke yule alikuwa anakwea ghorofa tatu kwa magoti yale kwenda kuchomwa sindano na yeye chini na sufuria yake anatunga maneno na kuwatia vinywani... "Mwanangu ndiye aliyenisaidia kuzipandisha," Mama anaendelea, na hapo hapo anaelewa, mume wake, kumbe anajua, kumbe amejua siku zote, amelala kitanda kimoja naye, amemwona akizunguka maduka na kikasha chake, juzi amemuuliza "umepata?" kwa ile sauti ya pasi, akamjibu bado, na mume akageukia ukutani akalala, akalala, "akasema tusimwambie, atajiona mkosaji," Mama anamweleza fundi, si yeye, fundi, kana kwamba yeye hayupo, au labda ni kwa sababu yupo, labda ndiyo njia pekee Mama aliyoipata ya kumfikishia, kumpitishia kwa mtu baki mwenye skrubu kwenye mkono wa shati, "nami nikasema sawa, maana namwona, hali chakula, hachori, anafuta meza mpaka rangi inatoka."

"Na kile kikopo?" anasikia sauti inauliza, ni yake, imetoka kavu, ndiyo mara ya kwanza kutaja kikopo, na Mama anamgeukia, jicho lake la kushoto lenye ukungu, na anasema, "Kipi? Kile cha bluu? Nimewekea vitunguu saumu." Vitunguu saumu... Anataka kucheka na anataka kurusha bodi ukutani, vyote kwa pamoja, vinasukumana kama watu wawili kwenye mlango mwembamba, vitunguu saumu, amevikwepa kama kaburi, amevisujudia, amemtuma mtu mzima maziwa kwa kuogopa vitunguu saumu, na watu hawa wawili wakimtazama wakimwonea huruma, huruma gani hii, huruma ya kumwacha mtu azame taratibu ili asishtuke, heri wangemtukana siku ile ile, angelia, angepika, yangeisha, na Mama anamwambia fundi, "Mpe hiyo kubwa, baba, afanye kazi, mimi kupanda ngazi nimeshazoea," na fundi anasema "basi kubwa, dada?" na kwa kitambo kidogo anaiona, skrini mbili zimewaka, msingi huku, paa kule, wajenzi wamenyamaza, kisha anamwona Mama kwenye ngazi, mkono ukutani, anapumzika ghorofa ya pili akijifanya anatazama nje dirishani, na anajua mwenyewe, hakuna haja ya kuambiwa, kwamba nimeshazoea ni uongo, Mama hajazoea, Mama ana adabu, kama mwanawe, kama yeye, nyumba nzima imejaa watu wenye adabu zao, wamefunika kombe na mwanaharamu hapiti, amekaa nao sebuleni, basi iwe ndogo, atazoea jicho moja, atakata nyumba vipande vipande achore chumba kimoja kimoja, na dawa zirudi chini... na hapo hapo anajishika, maana hilo nalo ni lile lile, ndiyo, angeichukua ndogo kimya kimya, angeumia kimya kimya, na Mama angeendelea kupanda kwa sababu hakuna ambaye angethubutu kumwambia shuka, na mume wake angeuliza "umepata?" na angesema nimepata, wangelala, migongo miwili.

Fundi anapuliza vumbi kwenye bodi kubwa, anasubiri, Mama amerudia habari za mke wa fundi, anamwambia mke akivimba miguu wasidharau, aende apimwe, jua bado limesimama pale pale mlangoni, na yeye bado ameegemea kaunta, bado bodi ndogo mkononi na kubwa mbele yake, hajachagua, lakini lile lililokuwa limemkaa kifuani tangu hospitali halipo tena, au lipo na limebadilika jina, si hatia tena, ni hasira, hasira safi, ya moto, ya kwanza tangu aolewe, na si ya kumchukia mtu, angeweza kumbusu huyu mwanamke na kumtikisa kwa mpigo mmoja, na anajua kwamba leo hafiki nyumbani kufuta meza, leo atamsubiri mume wake avue viatu, atamketisha Mama katikati, atafunga mlango wa sebule, na ataanza yeye, kwa sauti, hata kama mtaa mzima utasikia, atasema niliona taa ya betri inawaka nyekundu nikaendelea kuchora, nilichora mpaka mtu akasahau jina la kijiko, sasa na nyinyi semeni yenu, moja moja, na hakuna kwenda kulala.