Nusu Karatasi ya Mwanvua

Mwalimu Mbombo alikuwa na desturi yake, na walimu wenzake pale shule ya Kasuku walimcheka hadi wakachoka. Kabla ya somo aliwapa watoto swali moja, wakalijibu kwenye nusu karatasi. Baada ya somo, swali lilelile tena. Walichokijua tayari alikiruka, walichokosea ndicho alichofundisha. Hakuna uchawi hapo, ila wengine ni wavivu tu.

Siku hiyo lilikuwa somo la siasa, na swali: Chama kimetuletea nini? Mbombo alikuwa akiyapitia majibu, ajue aanzie wapi, alipofika kwenye la Mwanvua. Mtoto ameandika: "Baba anasema kimetuletea njaa."

Mungu wangu. Baba mwenyewe ni Bulaimu, mtu wa reli, na kwa maneno madogo kuliko hayo watu walikwisha kuchukuliwa wasirudi. Hapohapo mlango ukafunguliwa, akaingia mkaguzi Tshimanga. Eti amesikia sifa za hizo karatasi, amekuja kujionea. Mbombo akaisukuma ile moja ndani ya kikwembe, kitenge alichojifunga kiunoni, akaanza kufundisha. Aliogopa, na woga wake ulimkasirisha. Chaki ilimkatikia mara mbili.

Somo lilipokwisha, mkaguzi alidai mafungu yote mawili ya majibu. Akahesabu polepole, akilowesha kidole kwa mate. Za mwisho arobaini na mbili. Za kwanza arobaini na moja. Akauliza ni ya nani inayokosekana.

"Ya Mwanvua," alisema Mbombo. "Alichelewa."

Mkaguzi akamgeukia mtoto. "Njo vile, ni kweli ulichelewa?"

Mwanvua hakuwahi kuchelewa hata siku moja, na darasa zima lilijua. Akamtazama mwalimu wake kwa muda mrefu.

"Njo vile. Nilichelewa."

Tshimanga akaridhika. Alisema majibu ya mwisho ni mazuri mno, walimu wote wa mji wa Kindu waige. Ila mchelewaji ana viboko vyake vitano, na yeye angengoja avione.

Mbombo akachukua fimbo, akapiga vyote vitano. Mtoto hakulia. Aliyetaka kulia ni mwalimu.

Kesho yake watoto walikata nusu karatasi zao bila kuambiwa, wakangoja swali. Mbombo akawaambia wazirudishe mikobani, akaanza kufundisha bila kuwauliza wanajua nini.