Kopo la Viungo vya Cheni

Wiki ya pili ya Oktoba 1990, vita vikiwa kaskazini na msako ukiendelea Kigali nzima, wanajeshi watatu waliingia kwa Rutayisire, fundi baiskeli wa mtaa wa Biryogo. Walipindua godoro, wakamwaga maharage, mwishowe wakavuta kopo la maziwa kutoka chini ya meza. Lilijaa vyuma vidogo vidogo.

"Hivi ni vya bunduki gani?" sajini aliuliza.

"Si vya bunduki, afande. Ni vya kuungia cheni ya baiskeli. Hiki chenye pini mbili kinaingia huku, kibamba hiki kinafunika, na hiki kibanio kinashika. Hivi vyembamba ni vya baiskeli za gia. Vipana ni vya hizi zetu za mizigo."

"Unga tuone."

Mkewe, Mukashema, alikuwa amesimama mlangoni. Kazi ile alimwona akiifanya kila siku, tena huku akipiga soga. Rutayisire alisogeza ncha mbili za cheni iliyokatika, akapitisha pini, akaweka kibamba. Kikabaki kibanio. Upande uliofumba sharti uelekee inakokwenda cheni, ama sivyo kitachomoka njiani. Alikiweka sawa, lakini koleo ikateleza, kibanio kikaruka na kupotelea mchangani. Akachukua kingine. Nacho kikaruka.

"Fundi gani anashindwa na kazi yake?" sajini alicheka. "Wewe ni icyitso, unasaidia adui."

"Ni woga tu, afande."

"Asiye na kosa anaogopa nini?"

Wakamfunga mikono kwa tyubu kuukuu iliyokuwa palepale, wakaondoka naye pamoja na kopo.

Mukashema alipiga magoti, akapekua mchanga mpaka akakipata kibanio kimoja. Akaibeba cheni hadi kwa jirani yao Nasiri, fundi cherehani, akamwelekeza namna ya kuiunga, naye akaiunga.

"Shemeji," Nasiri alisema, "hata ukiwaonyesha hii..."

"Nitawaonyesha."

Siku ya nne alifika kwenye lango la uwanja wa mpira walikofungiwa watu waliokamatwa. Akaenda tena kesho yake, na kesho kutwa. Watu walipohamishiwa gerezani, naye akahamia lango la gereza. Walinzi wengi walimfukuza. Mlinzi mmoja aliichukua cheni, akaizungusha kidoleni.

"Mama, ni cheni kweli," alisema, akamrudishia. Hakumfungulia.

Mwezi wa Machi baadhi ya wafungwa waliachiliwa. Muhire, mwalimu wa mtaa wa pili, alirudi amebaki mifupa. Alikuja kuketi kwa Mukashema.

"Rutayisire walimtoa alfajiri ya siku ya nne," alisema. "Palepale uwanjani. Hatukumwona tena."

Miezi mitano yote Mukashema alikuwa akisimama kumwombea mtu asiyekuwemo.

"Aliacha neno lolote?"

"Hapana, dada. Alikuwa akikohoa tu."