Mto Uliovukwa kwa Maombi

Mama Jeptoo alikuja kwangu Weston, hapa Toronto, siku ya Jumatano, akaketi, akanywa chai, akaniambia kanisa limeamua kumfanyia Katunge ibada ya shukrani, na kwamba mimi mamake ndiye nitakayetoa ushuhuda. Nikamwuliza ni nani ameamua. Akasema kamati. Nikamwuliza ni nani kwenye hiyo kamati aliyeanza maneno hayo. Akatazama ndani ya kikombe, akasema wazo lilikuwa la Ndugu Mwangi, lakini wote wamelipokea kwa furaha.

Nilijua tu. Nikamwongezea chai ili mikono yangu ipate kazi.

Mwangi ni mtu wa ofisi huko katikati ya jiji, na kando ya kazi ana kampuni yake ya kupeleka vijana wa kanisa likizo za mbali. Si zile za kupiga picha mbele ya mnara na kurudi. Ni za kupanda milima na mizigo mgongoni, kuteremka mito kwa mashua za mpira, kuruka kutoka darajani umefungwa kamba miguuni. Mwaka huo aliwapeleka Nyuzilandi. Kabla hawajaondoka alituonyesha picha ukutani baada ya ibada: hapa mlima wa barafu, hapa matope yanachemka yenyewe kwenye udongo, hapa ufuo, hapa msitu mzito hata jua haliingii, na yote hayo ni nchi moja ya visiwa, unalala kwenye baridi na kesho yake unaogelea. Akasema kwenda kule ni kuabudu kwa miguu. Watu wakapiga makofi.

Katunge ni kifungua mimba wangu, naye ni nesi. Tangu baba yake atutoke alikuwa hajachukua likizo hata moja. Aliondoka hapa akitembea anacheka, mzigo umemzidi kichwa. Alirudi akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, mkono wa kulia ndani ya plasta, nyonga imepasuka, shavu limechubuka kama la mtu aliyeburutwa barabarani.

Kanisani waliambiwa kwamba mto ulimbeba na Mungu akamtoa. Hilo ni kweli. Mimi humshukuru Mungu kwa hilo kila asubuhi kabla sijaweka maji motoni, na sihitaji kamati inikumbushe. Lakini hiyo ni nusu ya habari.

Nusu ya pili niliipata bafuni. Mtu mwenye mkono mmoja hawezi kujiosha nywele, kwa hivyo nilikuwa namwosha mimi, ameinamisha kichwa kwenye beseni, uso wake hauoni uso wangu. Ndipo alipokuwa anasema. Leo kidogo, siku nyingine kidogo. Sikumwuliza kitu. Nilisugua tu.

Walilala kwenye kibanda cha wapanda milima. Usiku kucha mvua ilinyesha. Asubuhi mto uliokuwa mbele yao ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ukisimama ukingoni unasikia mawe yakigongana chini ya maji. Mama mmoja mtunza kibanda aliwaambia leo havuki mtu. Akawaambia mito ya kule hujaa upesi na kushuka upesi, wangoje, kesho wataupita maji yakiwa magotini. Mwangi akamshukuru kwa adabu zote. Kisha akawachukua hadi mtoni, akawaambia washikane mikono, akaomba. Aliomba sana. Alipomaliza akasema Mungu aliyefungua bahari hawezi kushindwa na mto.

Katunge akasema wangoje. Yeye ni mtu wa hospitali, ameona watu walioletwa kutoka majini. Mwangi akamwuliza mbele ya wenzake kama yanayosema hayo ni macho yake ama ni upungufu wa imani. Hakuna aliyemtetea. Basi Mwangi akaamua kwamba mwenye shaka awekwe katikati ya mstari, ili imani ya wengine imshike. Wakaingia wakiimba. Maji yalipowafika kiunoni yalimnyakua aliye katikati, na mzigo umefungwa kifuani kwa mikanda hata hauvuliki. Alibiringishwa mpaka kwenye gogo lililokwama, akalikumbatia kwa mkono uliobaki mzima. Helikopta ndiyo iliyomtoa.

Ni mara moja tu niliyofungua mdomo nikiwa na povu mikononi. Nikamwuliza kwa nini aliingia.

"Mama, nilikuwa nimeaibika," akasema.

Baada ya hapo alinisihi nisimwambie mtu. Alisema Mwangi alilia kule hospitalini, amejuta, inatosha. Alisema hapa Toronto hatuna ukoo, kanisa ndilo ukoo wetu, nami nikilipasua ni nani atakayeniuguza siku nikiugua. Nikanyamaza. Sikukubali, nilinyamaza tu, naye akadhani ni kitu kimoja.

Ningeendelea kunyamaza kama si Michelle. Michelle ndiye kitinda mimba wangu, yuko chuoni, Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Alikuwa amejiandikisha kwa safari inayofuata. Nchi ni ile ile, ila sasa ni kisiwa cha kaskazini, milima inayotoa moshi, mapango yenye maji ndani, mto baada ya mto. Na kiongozi ni yule yule. Nilimwambia asiende. Akataka sababu. Dada yake alikuwa ameketi palepale akinitazama, nikasema tu naogopa. Michelle akasema tangu baba afe mimi naogopa kila kitu, hata lifti ya jengo letu naingia kama naenda vitani. Wakacheka wote wawili. Mimi nikaenda kukata vitunguu, na hasira niliyokuwa nayo ingeweza kuvikaanga bila moto.

Jumapili ikafika. Sisi tunakodi ukumbi mtaa wa Mount Dennis, tunaingia wengine wakitoka, viti bado vina joto lao. Katunge aliwekwa mbele kabisa na kiti chake, kitenge kipya magotini. Mwangi akasimama na suti ya kijivu, akaeleza jinsi Bwana alivyotembea nao. Ile sehemu ya mto aliisema vizuri sana, hata mimi nusura niseme amina. Mama mtunza kibanda hakuwemo. Swali la imani halikuwemo. Kisha akasema tutamsikia mama, na baada ya ushuhuda wake, vijana wanaotaka kujiunga na safari ijayo wamwone kwenye meza iliyo karibu na mlango.

Nikageuka nikaitazama hiyo meza. Ilikuwa imetandikwa kitambaa, na picha za mito zimepangwa. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya vijana ndani ya maji wameshikana mikono. Michelle alikuwa amesimama karibu nayo, amevaa fulana ya safari.

Hapo ndipo nilipoelewa Katunge ameletwa pale mbele kufanya nini. Nikainuka.

Nilianza kama tunavyoanza wote. Nikawasalimu katika jina la Bwana, wakaitikia. Nikasema Mungu amemtoa mwanangu kwenye maji, wakasema amina, na nilimaanisha. Nikasema, sasa nataka kuwaambia jinsi alivyoingia.

Mwangi alimtazama Tharcisse. Tharcisse ni kijana wa Bukavu, huko Kongo, ndiye mpiga kinanda wetu, mtu mpole. Akaingiza pambio. Ukumbi mzima ukasimama na makofi.

Hiyo ni desturi yetu. Mtu akirefusha ushuhuda, au akianza kupotea njia, hatumkatizi kwa maneno, tunamwimbia. Naye hutabasamu, hupiga makofi mawili matatu na kurudi kitini, na hakuna aliyekosewa heshima. Mimi mwenyewe nimewaimbia wengi mpaka wakaketi. Siku hiyo sikuketi. Nilishika mimbari kwa mikono yote miwili nikangoja.

Pambio likaisha. Tharcisse akaliinua tena. Sasa sauti zilipungua, watu wameanza kuniangalia. Akaliinua mara nyingine, akawa anaimba karibu peke yake, na mimi nimesimama tu, sipigi makofi wala sinuni. Mwishowe akaondoa vidole kwenye kinanda.

"Padoni, Mama," akasema, akiniomba radhi kwa lugha ya kwao. "Endelea."

Nikaendelea. Nikawaeleza rangi ya mto na mawe yaliyosikika. Nikawaeleza yule mama wa kibanda na neno lake la kesho. Nikawaeleza swali aliloulizwa mwanangu mbele ya wenzake na mahali alipowekwa kwenye mstari. Katunge alikuwa ameinamisha uso. Nilimwona, nikaendelea. Kisha nikamgeukia Mwangi.

"Ndugu Mwangi, pale mtoni mlimwuliza Mungu kama mvuke, ama mlimwarifu kwamba mnavuka?"

Akatabasamu lile tabasamu la mtu anayeonewa. Akasema mama hakuwepo, na kwamba yeye alikuwa na amani moyoni kabisa.

"Hiyo amani ilishindwaje kungoja mpaka kesho?"

"Mama Katunge, tulikuwa na basi saa nane. Tungelikosa, tungekosa na ndege, kundi zima. Mimi ningewaambia nini watu?"

Aliyasema haraka, kama mtu anayejibu mkubwa wake kazini. Halafu akayasikia. Na ukumbi ukayasikia. Mtoto wa mtu alikuwa analia nyuma, akanyamazishwa.

"Ungewaambia ni basi," nikasema. "Ungesema ni basi, binti yangu angebishana nawe, maana anajua kubishana. Ulisema ni Mungu, akanyamaza akaingia majini."

Sikuwa na lingine. Nikarudi kitini pangu. Mchungaji akafunga kwa maombi mafupi ambayo hayakutaja mto, safari wala mtu yeyote.

Wakati wa chakula niliketi na sahani yangu ya pilau, na viti vya pande zote mbili vilibaki vitupu. Mama Jeptoo alipita akaniambia, bila kusimama, kwamba mambo kama hayo huzungumzwa faraghani. Nikamwambia mwanangu aliaibishwa hadharani. Akaenda zake kugawa soda.

Mwangi akaja mwenyewe. Macho yalikuwa mekundu, na siamini kwamba alikuwa anaigiza. Akasema nimemjeruhi, lakini amenisamehe. Amenisamehe. Nilitafuna nyama yangu nikaimeza kabla sijajibu, kwa sababu jibu lililokuwa karibu halifai kutolewa ndani ya nyumba ya ibada. Akaninyooshea mikono yote miwili, kama tufanyavyo, tushikane tuombe pamoja yaishe.

Mikono yangu ikabaki kwenye sahani.

"Mkono sikupi," nikamwambia. "Waliovuka siku ile wana wazazi. Nenda kwa kila mmoja, umweleze habari ya basi kama ulivyonieleza mimi, bila Mungu ndani yake. Ukimaliza, uje kwangu, tutaomba mpaka uchoke."

"Mama, unanifungia mlango?"

"Nimekwambia uje."

Michelle alikuwa amefika nyuma yake. Sijui alisimama pale muda gani. Alimwuliza Mwangi kama ni kweli Katunge alisema wangoje. Mwangi akaanza kueleza hali ya hewa. Michelle akamwuliza tena vilevile, kwa Kiswahili chake kinachochechemea, kanisani, mbele za watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu azaliwe.

"Alisema," Mwangi akajibu.

"Basi mimi siendi."

Akavuta kile kiti kitupu akaketi, akachukua nyama kutoka sahani yangu.

Katunge hakula. Tulipofika nyumbani alijifungia chumbani, na kupitia mlangoni akaniambia nimemvua nguo mbele ya kanisa lote. Nikamwambia najua. Akaniambia hatasahau. Nikamwambia asisahau. Nikatandika mkeka wangu pale nje ya mlango wake, nikapiga magoti, nikamwombea yeye, nikamwombea na Michelle. Kwa Mwangi nilijaribu. Maneno yalikataa kutoka, nami sikuyalazimisha.